Baada ya miaka ya mwanzo wodini: ubobee, ufundishe au uongoze?

Muuguzi akishafikisha mwaka wa tatu au wa nne kazini, watu huanza kumuuliza: sasa unaelekea wapi? Njia zinazotajwa huwa tatu. Ya kwanza ni kubobea katika fani moja, kama uuguzi wa wagonjwa mahututi, ukunga, chumba cha upasuaji, kusafisha damu au afya ya akili. Ya pili ni kufundisha na kulea wanaoingia kazini. Ya tatu ni kuongoza wodi, yaani kuwa yule anayeitwa inchaji.

Wengi huzipanga kama ngazi: ubobezi chini, ukufunzi katikati, uongozi juu. Mpangilio huo ndio unaowapoteza watu, kwa kuwa hizi ni kazi tatu tofauti. Mwenye mkono mwepesi wa kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) anaweza kushindwa kabisa kupanga ratiba ya zamu, na mpangaji hodari wa ratiba huenda hana subira ya kumtazama muuguzi mgeni akihangaika na sindano. Wodi zinazompa uinchaji yeyote aliye bora kitandani hujikuta zimempoteza muuguzi mzuri na kupata kiongozi wa kubahatisha.

Kwanza, muda wa kitandani

Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1984 hatua tano za kukua kwa muuguzi: mgeni, mwanzo wa kuzoea, kujiweza, ustadi na ubingwa. Hatua ya tatu aliiweka kwenye miaka miwili hadi mitatu ya kazi katika mazingira yale yale au yanayofanana. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Aliyefanya miezi sita wodi ya watoto, miezi minane wodi ya upasuaji na mwaka mmoja kliniki amemaliza zaidi ya miaka miwili, lakini kila alipohama alirudi karibu na mwanzo.

Kipimo rahisi cha kujua kama uko tayari kuchagua ni kupokea ripoti ya wagonjwa sita na, kabla dakika kumi hazijapita, kuweza kusema nani anaanza kuonwa, nani anaweza kusubiri na kwa nini. Kama bado unaanza kitanda cha kwanza kwa sababu ni cha kwanza, baki hapo mwaka mmoja zaidi. Si adhabu.

Kitanda namba 9, watu watatu

Tuseme ni saa moja asubuhi, makabidhiano ya zamu. Mgonjwa wa kitanda namba 9 ana siku mbili tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo. Vipimo vilivyochukuliwa sasa hivi: anapumua mara 24 kwa dakika, oksijeni ni asilimia 95 bila mashine, mapigo 108, shinikizo la damu, namba ya juu, 106, joto 37.9, na yuko macho, anajibu vizuri. Usiku kulikuwa kumeandikwa: hali inaridhisha.

Ukitazama namba moja moja, hakuna inayotisha. Zipime kwa mfumo wa alama za tahadhari unaotumika Uingereza, toleo la pili la mwaka 2017: pumzi alama 2, oksijeni 1, mapigo 1, shinikizo 1, joto 0. Jumla ni 5, na 5 ndiyo mstari ambapo mgonjwa anatakiwa kuonwa kwa haraka na kupimwa angalau kila saa.

Mbobezi wa wagonjwa wa upasuaji anakwenda kitandani. Anahesabu pumzi upya kwa dakika nzima, anafunua kidonda, anatazama kilichotoka kwenye mrija, anapima mkojo. Kwa mgonjwa wa kilo 60 anatarajia usiopungua mililita 30 kwa saa. Kichwani ana mambo matatu: maambukizi, kuvuja damu ndani, damu iliyoganda kwenda mapafuni. Anampigia daktari na kusema kwa mpangilio: hali ilivyo, historia fupi, anachodhani, anachoomba. Simu inaisha ndani ya dakika moja.

Mkufunzi anafungua chati ya usiku. Anakuta pumzi zimeandikwa 20, 20, 20, 20. Wagonjwa hawapumui hivyo. Waandishi ndio huandika hivyo. Anamwita muuguzi mgeni pembeni, si mbele ya wenzake, na kumuuliza amehesabuje. Kisha wanasimama pamoja kwenye kitanda kingine, saa mkononi, sekunde 60 kamili, bila kumwambia mgonjwa kwamba pumzi zake zinahesabiwa, maana akijua atabadilisha.

Kiongozi wa wodi anauliza swali jingine: usiku ulikuwaje? Anagundua wauguzi wawili walikuwa na wagonjwa 15 kila mmoja, oksimita (kifaa cha kupima oksijeni) inayofanya kazi ilikuwa moja, na wagonjwa saba hawakupimwa kabisa saa kumi alfajiri. Kazi yake siku hiyo ni kupata oksimita ya pili, kubadilisha mgawanyo wa zamu, na kuhakikisha chati mpya ina mstari wa jumla ya alama ili isiwezekane kuandika namba bila kuzijumlisha.

Kosa ni moja, na hakuna kati ya hawa watatu anayelimaliza peke yake. Jiulize tu: ukisoma hapo juu, mkono wako ulikuwa unawasha kufanya ipi? Jibu hilo lina uzito kuliko jina la cheo.

Kubobea: kozi fupi, stashahada ya juu au uzamili?

Hapa pesa na muda mwingi hupotea kwa sababu watu hulinganisha vyeti badala ya kulinganisha kinachofanyika ndani ya mafunzo. Kozi fupi ya siku tatu hadi tano hubadilisha mikono: ufufuaji, utunzaji wa vidonda, usomaji wa mchoro wa moyo. Stashahada ya fani, inayochukua takriban mwaka mmoja hadi miwili, hubadilisha unavyofikiri kando ya mgonjwa wa aina moja. Uzamili hubadilisha milango unayoruhusiwa kugonga, hasa ya ualimu, utafiti na ngazi za juu za utawala. Anayetaka kuwa bora kitandani kisha akakimbilia uzamili wenye nadharia tupu hurudi na shahada ukutani na mikono ile ile.

Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi. Je, baraza linalokusajili linaitambua kozi hii? Saa za vitendo ni ngapi, ziko wapi, na nani anasaini kitabu cha kumbukumbu za vitendo? Ukirudi, kuna nafasi katika wodi ya fani hiyo? Mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri ni wa miaka mingapi, na ukiuvunja unalipa nini?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua ubobezi mwingi. Muuguzi anasomea wagonjwa mahututi, anarudi, anapangiwa kliniki ya wagonjwa wa nje kwa sababu huko kuna upungufu. Mwaka ukiisha, ujuzi umekwenda. Ustadi wa mikono haukai bila kutumika. Hata ufufuaji wa moyo, ambao kila mtu anadhani anaujua, huanza kufifia ndani ya miezi michache. Kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Muweke aliyepata cheti miaka miwili iliyopita kwenye sanamu la mazoezi uone: wengi hubonyeza kwa kina kidogo, kasi ikipanda kwa wasiwasi.

Jambo dogo kuhusu kitabu cha vitendo: kijaze siku hiyo hiyo. Kinachojazwa mwishoni mwa muhula kwa kukumbuka, kikasainiwa kurasa kumi kwa mkupuo, hakikusaidii mbele ya mwajiri anayejua kusoma. Tarehe za saini humwambia kila kitu.

Kufundisha na kulea si jambo moja

Neno ulezi hutumika kwa watu watatu tofauti, na kuwachanganya ndiko kunakoharibu programu nyingi.

Mwelekezi wa wodini hukaa na mgeni kwa wiki kadhaa, zamu moja na yeye, na mwishoni hutia saini kwamba anaweza kazi. Mlezi wa kitaaluma hukaa naye kwa mwaka au zaidi, huenda hata hawafanyi kazi wodi moja, na hazungumzii kanula bali anazungumzia anakokwenda. Mtetezi huenda hata hakufundishi kitu. Ni mtu mwenye kiti katika kikao ambacho wewe humo, na jina lako linapofaa, hulitaja.

Mwelekezi ana mamlaka ya kupima, mlezi asiwe nayo. Sababu ni ya kawaida kabisa: hakuna anayeungama kwa mtu anayemtia alama. Mgeni aliyenusurika kumpa mgonjwa dozi isiyo yake atamwambia mlezi, hatamwambia mwelekezi. Kwa hiyo inchaji wako hafai kuwa mlezi wako, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Ukitaka njia hii, anza na uelekezi. Mpango unaofanya kazi huwa hivi: wiki ya kwanza mgeni anafanya kila kitu pamoja nawe, wiki ya pili anabeba wagonjwa wawili, wewe uko nyuma yake, kuanzia wiki ya nne anafikia nusu ya mzigo wa kawaida, mzigo kamili huja wiki ya nane hadi ya kumi na mbili kutegemea wodi. Sharti lake ni kwamba mwelekezi apunguziwe wagonjwa. Akiachiwa wanane na mgeni juu, mgeni hugeuka mbeba trei: anakimbia maabara, anatandika vitanda, na baada ya miezi mitatu bado hajawahi kutoa ripoti ya mgonjwa mwenyewe. Marlene Kramer aliandika mwaka 1974 juu ya mshtuko wa uhalisia, pale mhitimu anapokuta kazi haifanani na alichofundishwa. Mwelekezi aliyelemewa huuongeza mshtuko huo.

Mrejesho nao una ufundi wake. "Umefanya vizuri" haumfundishi mtu kitu, na "uwe makini" vivyo hivyo. Unaofundisha husikika hivi: "Umemuuliza mgonjwa jina ukiwa umeshafungua kidonge. Anza na jina, linganisha na kitambulisho cha mkononi na karatasi ya dawa, ndipo ufungue." Mgeni akisikia hivyo anajua kesho abadilishe nini, na imesemwa dakika chache baada ya tukio, faraghani.

Kwa upande wa anayetafuta mlezi, usingoje kupangiwa kwa orodha. Mwombe mtu mmoja, kwa kipindi kinachojulikana, tuseme mwaka mmoja, mkikutana dakika 45 kila wiki nne hadi sita. Wewe ndiye unayeleta ajenda, na ilete kama swali moja lililoandikwa: "Nimepewa nafasi ya kukaimu, niikubali?" lina jibu, "nipe ushauri wa maisha" halina. Mikutano miwili mfululizo ikikosa swali, uhusiano umefika mwisho, na kuumaliza kwa shukrani hakumvunjii mtu heshima.

Ualimu wa darasani ni jambo jingine. Vyuo vingi hudai uzamili, na hatari yake kubwa ni kufundisha wodi ya miaka kumi iliyopita. Wakufunzi wanaobaki wakali hushika zamu moja kwa wiki, au kwa uchache wanaongozana na wanafunzi wao kitandani badala ya kuwatuma.

Kuongoza: hesabu kwanza, hotuba baadaye

Mafunzo mengi ya uongozi hutumia siku nzima kuzungumzia maono na haiba. Kinachomwangusha inchaji mpya mara nyingi ni hesabu.

Tuchukue wodi inayohitaji wauguzi watatu saa zote. Njia ya haraka husema watatu kwa zamu tatu ni tisa, ongeza watatu wa akiba, jumla 12. Inaonekana sawa. Sasa hesabu kwa saa: wiki ina saa 168, mara tatu ni saa 504 za kujazwa. Zigawe kwa saa 40 za muuguzi mmoja kwa wiki, upate wauguzi 12.6 kama hakuna anayeugua, kwenda likizo wala kuhudhuria mafunzo. Hayo matatu yakila sehemu moja ya tano ya muda, gawa 12.6 kwa 0.8 upate 15.75, yaani 16. Mwenye 12 ana upungufu wa saa 120 kila wiki, sawa na zamu 15 za saa nane zisizo na mtu. Hizo hujazwa kwa kuomba watu wabaki, kisha kwa kuwalazimisha, kisha wanaanza kuugua. Na hapo hatujaongeza nusu saa ya kupokezana ripoti katika kila badiliko la zamu.

Hesabu hiyo si ya karatasi tu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali za Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Inchaji anayeweza kuweka jedwali la saa na namba kama hizo mezani kwa metroni, mkuu wa wauguzi, anasikilizwa tofauti na anayesema "tumechoka."

Ugumu wa pili ni kuwaongoza wenzako wa jana. Mliokula chakula pamoja usiku wa manane leo unawaandikia onyo la kuchelewa. Wanaofaulu huzungumza na kila mmoja peke yake ndani ya wiki mbili za kwanza, wanauliza swali lile lile kwa wote (nini kinakupotezea muda zaidi?), na hawabadilishi chochote kikubwa kwa mwezi mmoja isipokuwa kitu kimoja kidogo ambacho kila mtu alikilalamikia. Kabati la dawa lililopangwa upya hujenga imani kuliko kikao cha saa mbili.

Tatu ni makosa ya kazini. Ukimwadhibu kila anayeripoti, ripoti zitakwisha, na makosa yatabaki. Ukimsamehe kila mtu, anayepuuza kazi atajificha nyuma ya mfumo. Tofautisha: je, muuguzi mwingine mwangalifu, kwa vifaa vile na usiku ule, angeweza kufanya kosa hilo hilo? Kama ndiyo, rekebisha mazingira. Kama hapana, zungumza na mtu.

Halafu kuna kukaimu. Ndilo jaribio bora kabla ya kuukubali uongozi, na ndilo mtego mbaya zaidi. Kaimu bila barua ana lawama zote na mamlaka sufuri: hawezi kuidhinisha likizo, hawezi kuagiza vifaa, na muda wake huenda usihesabiwe popote. Barua iseme tarehe ya kuanza na kumaliza, unachoruhusiwa kuamua, posho kama ipo, na nafasi utakayorudia. Miezi sita inatosha kujijua. Zaidi ya mwaka bila uamuzi, wanakutumia.

Kwa mtazamo mmoja

| | Kubobea | Kulea na kufundisha | Kuongoza |
|---|---|---|---|
| Unaona matokeo | Zamu hiyo hiyo | Baada ya miezi | Baada ya robo mwaka au zaidi |
| Kinachochosha | Mgonjwa anayezidiwa mikononi mwako | Kurudia jambo lile lile kwa kila kundi | Watu, na simu usiku |
| Kinachofifia | Upana wa ujuzi | Kasi ya mikono | Mikono yenyewe |
| Kurudi kitandani | Hukuondoka | Rahisi ukishika zamu | Vigumu baada ya miaka miwili |
| Jaribio kabla ya kuamua | Miezi mitatu katika wodi ya fani hiyo | Mwelekezi wa mgeni mmoja | Kiongozi wa zamu, kisha kukaimu |

Safu ya kurudi kitandani iangalie kwa makini kuliko nyingine. Kutoka ubobezi kwenda ukufunzi ni hatua fupi, tena mkufunzi aliyebobea ndiye anayetafutwa. Kutoka ukufunzi kwenda uongozi kunawezekana, kwa sababu aliyezoea kutoa mrejesho tayari ana nusu ya kazi. Kutoka uongozi kurudi kitandani ndiko kunakoumiza: dawa zimebadilika, mashine zimebadilika, na wenzako wanaona aibu kukuelekeza. Ndiyo maana aliye njia panda na hana hakika hushauriwa aanze na ubobezi. Hauzibi njia nyingine yoyote.

Yuko pia anayechukua kidogo cha kila moja: mbobezi anayeelekeza mgeni mmoja kwa mwaka na kushika uongozi wa zamu kila mwezi. Katika wodi ndogo huyu ni hazina. Katika wodi kubwa huishia kufanya kazi tatu kwa mshahara wa moja, kwa hiyo aweke wazi ipi ni yake rasmi.

Ukiwa umechagua, nenda kwa metroni na karatasi moja: njia unayoitaka, jaribio unaloomba na tarehe zake, nani atakupima, na zamu zako zitajazwaje wakati huo. Kipengele cha mwisho ndicho atakachokisoma kwanza.